LED par zangu nyekundu yafa nusu, nabadilisha yafa tena. Wadau nisaidieni (Mombasa)

Taa_Za_Kisauni:
Asalaam aleikum wadau. Niko na LED par 8, zile taa za rangi za jukwaani, za vijitaa 54 vya wati 3, nyekundu kijani na buluu, nakodisha kwa maharusi kuanzia hapa Kisauni mpaka Mtwapa huko. Sasa par nne katika hizo nyekundu yafa nusu, si moja moja, zazima 9 kwa mpigo tak, zile 9 zingine zabaki. Ile ya kwanza nishabadilisha LED mara mbili, nimesolda mwenyewe kwa mkono wangu, yawaka wiki mbili tatu nafurahi halafu nyingine jirani yake yafa.

Iliyoniuma ni Jumamosi ya juzi. Kulikuwa na kupamba, ule usiku wa kumpamba bibi arusi, kule Majengo na mnajua kupamba ni wanawake watupu, sisi twafunga taa alasiri twajaribu twatoka, likishaingia giza hakuna mwanamume wa kupita pale hata ukiwa nani. Saa nne usiku napigiwa simu na mamake bibi arusi, "wewe mwanangu taa zako zimemfanya nini mtoto wangu, amekuwa kama pono." Kumbe par mbili za jukwaani zilizokuwa zishapoteza nusu ya nyekundu, usiku ule nusu ya pili nayo ikaondoka, imebaki kijani na buluu. Yaani vipodozi vyote vile, hina, dhahabu, mtoto wa watu samawati. Mimi niko nje ya geti na bisibisi mkononi siwezi kuingia, ikabidi nimwelekeze shangazi mtu kwa simu azing'oe plagi. Salio langu lilikatwa nusu na sikuwa na mdomo wa kubishana.

Nauliza, hizi LED ninazonunua ni feki ama mkono wangu mbaya?

FundiTudor:
Pole kaka. Kabla sijaandika mengi, ukiiwasha ile feni ya nyuma yazunguka? Usitazame tu, weka mkono usikie upepo.

Hizo 9 kuzima pamoja si maajabu. Zimefungwa mfululizo kama shanga kwenye uzi, karenti yaingia ya kwanza yatokea ya tisa, moja ikikatika zote zalala. Fungua utakuta pawa saplai yatoa volti 24. Nyekundu moja yala kama volti 2.2, mara 9 yakaribia 20, yaenea ndani ya 24. Kijani na buluu moja yala kama 3.2 kwa hivo hupangwa 6 6. Hesabu yako ikiwa 18 kwa kila rangi basi nyekundu ni nyuzi mbili na hizo rangi zingine nyuzi tatu tatu.

Taa_Za_Kisauni:
Ndo hivo hivo 18 18 18. Kuhusu feni nimetoka kuangalia sai. Katika zile nne zilizokufa, moja yazunguka lakini yanguruma kama paka, mbili zazunguka pole pole ukiweka mkono husikii kitu, moja kimya kabisa. Wallahi sikuwahi kuziangalia, mimi naangalia mbele inakotoka mwanga.

BabuVolti:
Umeshajijibu mwenyewe hapo. LED haitoi joto mbele kama balbu ya zamani, joto lake latoka chini, kwenye kitako. Kile kitako kimekaa juu ya bodi ya alumini, bodi imekaa juu ya hitisinki, lile chuma la kupozea, hitisinki yapulizwa na feni. Kiungo kimoja kikikatika katika huo msafara joto lakosa pa kwenda labaki mle mle kwenye chembe ya LED. Wewe unabadilisha maiti unamwacha muuaji ndani ya nyumba.

Na nyekundu ndo wa kwanza kulalamika. Ikipata joto mwanga wake hushuka haraka kuliko buluu, hata kabla haijafa. Kama una macho ya rangi utaona par yako mwanzo wa sherehe ikichanganya rangi zote tatu yatoa nyeupe nzuri, kufika saa tano nyeupe ile ile ishaenda kwenye usamawati. Watu hudhani macho yao yamechoka.

Kuna mtu atauliza kwa nini nyekundu yala volti 2 na buluu yala 3, ni madini tofauti kabisa. Nyekundu ya kuonekana kwa macho ilitengenezwa 1962 na Nick Holonyak kule Marekani, lakini buluu kali ilisumbua watu mpaka miaka ya 90 Japani, ndo wale kina Akasaki, Amano na Nakamura wakapewa Nobel 2014. Nyeupe nayo ni buluu iliyopakwa unga wa manjano juu yake, ndo maana yala volti sawa na buluu.

mtu_wa_feri:
Mnamchosha jamaa bure. Mimi LED ikifa naruka na kipande cha waya juu yake, zile 8 zawaka maisha yaendelea. Tangu mwaka jana na hakuna mteja amehesabu.

FundiTudor:
@mtu_wa_feri yategemea draiva babangu. Kama bodi yako ina vile vichipu vya miguu mitano vimeandikwa 4115, kile hushikilia karenti, hata ukiruka moja zilizobaki zapata kiasi kile kile. Ila zile par za bei ya kutupa hazina draiva, zina rezista tupu, ukiruka LED moja wenzake wapata karenti zaidi, ukiruka mbili umeanza kuzichoma mwenyewe. Kwa hivo kama dawa ya usiku mmoja sawa, usioe nayo.

mtu_wa_feri:
Hapo sawa, nitafungua nione. Nina wasiwasi zangu ni za rezista 😅

DJ_Binti_Mtwapa:
Kaka wa Kisauni mimi napiga muziki kwenye hizo kupamba unazofungiwa nje, acha nikwambie kitu usichokijua. Ukishatoka na vijana wako, wapambaji huja na vile vitambaa vyao vya satini wakazifunika taa zako za chini. Wazizungushia nyuma na ubavuni kote, wabakisha mbele tu, ati nyaya na chuma cheusi chaharibu jukwaa. Nimeona kwa macho yangu si mara moja. Feni yako hata ingekuwa mpya yavuta hewa ya wapi?

Halafu mashine ya moshi. Hupenda kuiweka pale pale chini karibu na par, yapuliza moja kwa moja kwenye mgongo wa taa, na ule moshi ni maji na glaikoli, ukishapoa waacha utelezi wa kunata. Vumbi la zulia na poda na udi vyote vyakaa hapo. Ukifungua feni yako niambie kama hutakuta kitu kama halua.

Taa_Za_Kisauni:
Dada umeniua. Miaka mitatu nafanya kazi hii sijawahi kuona jukwaa langu mwenyewe usiku.

DJ_Binti_Mtwapa:
Na hutaliona 😂 Fanya hivi, ziinue kwenye vistendi vifupi hata futi moja, na umwambie mpambaji mapema wazi wazi nyuma aache nafasi ya mkono mmoja. Waelewa wakiambiwa, shida hamzungumzi nao mwakutana mlangoni tu.

FundiTudor:
Haya, kazi yenyewe. Twende na ile ya feni iliyokufa kwanza. Kuitafuta LED iliyokatika iko njia mbili. Kama unaweza kuiwasha ikiwa wazi kwa usalama, weka nyekundu tupu halafu pima volti za DC juu ya kila LED katika wale 9 waliozima. Nzima zitaonyesha karibu na sifuri, iliyokatika peke yake itakuonyesha karibu volti zote za pawa saplai, 20 na kitu. Ukikuta LED 8 zawaka na moja imezima hiyo nayo ni shoti, uzi haukukatika ila yeye kalala.

Njia ya pili, plagi nje, betri ya volti 9 na rezista ya ohm 470 na waya mbili. Gusa kila LED, nzima yawaka kidogo, rangi yoyote. Usitegemee mita kwenye alama ya dayodi, nyekundu yaweza kuwaka kwa mbali lakini mita nyingi hazifiki volti 3 kwa hivo buluu nzima utadhani imekufa ukaitupa.

BabuVolti:
Hapo pa "ikiwa wazi kwa usalama" nataka niseme neno maana mwandika rahisi. Umeme wa ukutani hapa ni volti 240, lakini ndani ya pawa saplai ukishapita daraja la dayodi ile kapasita kubwa inayohifadhi umeme yajaa mpaka kama 340 za DC, na ukichomoa plagi haikimbii papo hapo. Nilifanya kazi na umeme bandarini ujana wangu wote, kitu kilichowahi kunitupa chini si mashine kubwa, ni kapasita ya ukubwa wa kidole gumba. Chomoa, ngoja dakika kadhaa, pima, ikiwa imebaki imalizie na rezista kubwa ya wati au balbu ya kawaida, si bisibisi. Cheche ya bisibisi yakula bodi na macho.

Na waya wa athi, ule wa ardhini. Par nyingi huja na kebo ya pini mbili mtu akaitia adapta basi. Gamba la taa ni chuma, na nyinyi mwafunga kwenye hema la chuma, nyasi zimemwagiwa maji asubuhi. Weka kebo ya waya tatu na athi ishikwe na skrubu kwenye chuma tupu, kwangua rangi kwanza.

Taa_Za_Kisauni:
Nimeelewa Babu. Sasa kusolda. Mimi nilitumia chuma cha wati 40, nilishikilia mpaka mkono ukachoka, risasi haiyeyuki sawa sawa, nikabonyeza kwa nguvu. Labda ndo nilipoharibu?

FundiTudor:
Ndo hapo hasa. Ile bodi ni alumini na kazi yake ni kunywa joto, wewe wamwaga joto upande huu yeye analipeleka upande ule. Ukakaa nusu dakika juu ya mguu wa LED hiyo LED umeipika kabla haijafanya kazi siku moja. Wiki mbili ilizokupa ni hisani.

Ung'oe bodi nzima kutoka kwenye hitisinki, toa lenzi, halafu ipashe joto kwa chini kwanza. Mimi sina meza ya joto, natumia pasi ya nguo. Igeuze chali uibane vizuri isianguke, weka alama ya vidoti viwili ambayo ni kama digrii 150, tandika foili ya jikoni juu yake halafu bodi, upande wa LED iliyokufa ndo ukae katikati. Ngoja dakika chache. Hapo bado hakuna kitu kinachoyeyuka, wenzake hawaanguki, lakini ukigusa na chuma cha wati 60 mguu wayeyuka kwa sekunde mbili tatu. Risasi ya kiwandani mara nyingi ni ile isiyo na madini ya risasi, huyeyuka kama 217 kuendelea, ongezea kidogo ile ya zamani ya 63/37, bati na risasi, inayoyeyuka 183, zichanganyike, yatoka kama siagi.

DJ_Binti_Mtwapa:
Pasi ya nani hiyo?

FundiTudor:
Ya zamani. Ya zamani nasema.

BabuVolti:
Chini ya kitako cha LED mpya usisahau pesti ya joto, ukungu tu mwembamba si kama siagi kwenye mkate. Na ukirudisha bodi kwenye hitisinki hapo pia futa ile ya zamani iliyokauka upake mpya, skrubu zote zirudi, usiache mbili ati zimepotea. Skrubu ndo zinabana joto lipite.

Halafu kabla ya kusolda pima kitako cha LED mpya na miguu yake kama kuna mawasiliano. Baadhi kitako kimeungana na mguu mmoja, ukiweka mahali pasipokingwa wapata shoti kwenye alumini nzima. Na usiamini lile tundu la mguu ati ndo chanya, tumia betri yako ya volti 9.

mtu_wa_feri:
Swali, nikitia nyeupe mahali pa nyekundu maana nyeupe ninazo nyingi?

BabuVolti:
Itawaka. Na bibi arusi atakuwa na doa.

Diani_Saundi:
Nimechelewa kwenye mjadala. Kwetu huku hotelini ufukweni tatizo kubwa ni chumvi. Ndani ya miezi michache miguu ya vichipu huota kijani, hasa taa zinazolala nje. Mkifungua mswaki mkavu kwanza, halafu spiriti kwenye bodi, LED zenyewe msizisugue zile kuba zao laini zabonyea. Lenzi za plastiki msitie spiriti wala thina, zapasuka nyufa ndogo ndogo kama utando wa buibui, maji na sabuni ya vyombo yatosha. Zikikauka zirudi kwenye kesi na vile vipakiti vya silika vinavyokuja kwenye viatu.

Na mtu asibadilishe LED kwa sababu ya taa kupepesa. Ikipepesa ikiwa kwenye DMX, ile kebo ya kuamrisha taa, na ukiiweka yenyewe yenyewe yatulia, hiyo ni kebo. Taa ya mwisho kwenye mstari itiwe plagi ya XLR yenye rezista ya ohm 120 kati ya pini 2 na 3. Kijana wetu mmoja alibomoa muving hedi nzima, ile taa ya kichwa kinachozunguka, kwa ajili ya hilo.

Taa_Za_Kisauni:
@Diani_Saundi hapo kwa muving hedi nina moja ya 4 ndani ya 1, buluu yake moja haiwaki. Hiyo nayo pasi?

Diani_Saundi:
Hiyo ni chembe nne kwenye nyumba moja yenye miguu 8, huwezi kutoa buluu peke yake, watoa nyumba nzima. Mpelekee mtu mwenye bunduki ya hewa moto. Na ununue mbili tatu za fungu moja, maana mpya kati ya kuukuu huonekana, yang'aa kuliko wenzake na buluu yake si buluu ile.

Taa_Za_Kisauni:
Wadau nimerudi na ripoti. Zimechukua wikendi mbili.

Ile ya feni kimya nimefungua, dada wa Mtwapa alisema halua, ni halua kweli. Nywele za zulia, mchanga, poda yenye vimetameta, vyote vimeshikana na ule utelezi wa moshi mpaka mapezi ya feni hayaonekani. Yanukia udi, naapa. Pesti ya chini ya bodi imekuwa unga mweupe nikiigusa yaruka, na skrubu mbili hazikuwepo, hizo mimi ndiye niliyezipoteza mara ya kwanza.

Nimeweka feni mpya za volti 12 kwenye tatu. LED zilizokuwa zimekata nyuzi ni tano tu, tano! Na mimi mara ya kwanza ile nilibadilisha zote 9 kwa hasira. Par moja ilikuwa na moja, hii ya halua na nyingine mbili mbili, kila uzi moja. Betri na rezista imenionyesha ndani ya dakika.

Ile ya nne ambayo feni yake ilikuwa yanguruma LED zote nzima. Nikakaa nayo mpaka adhana ya Isha. Nikakumbuka chumvi ya @Diani_Saundi, nikachukua kioo cha kukuzia cha mzee nikaangalia karibu na kichipu cha 4115 cha ule uzi, kuna kirezista kidogo kimeandikwa R300, mguu wake mmoja umeota kijani umekatika kabisa.

FundiTudor:
Safi. Hicho ndo kinachomwambia draiva atoe karenti kiasi gani, 0.1 gawanya kwa 0.3 ni kama milliampea 330. Umetia namba ile ile? Usije ukatia ndogo ati iwake zaidi.

Taa_Za_Kisauni:
Nimetoa kwenye bodi ya par nyingine iliyokufa zamani, R300 vile vile. Kumbe milliampea 330? Sasa hizi ni wati 3 za wapi.

FundiTudor:
Wati 3 za kwenye kibandiko. Nyekundu kwa karenti hiyo haifiki hata wati moja. Ziache hivo hivo ndo zinaishi.

DJ_Binti_Mtwapa:
Jana nilikuwa ndani Bamburi, taa zilikuwa zake. Zilisimama kwenye vistendi, mpambaji kaacha nafasi nyuma, bibi arusi alitoka rangi ya binadamu mpaka saa saba. Nimeweka mkono nyuma ya moja, vuguvugu tu, upepo upo.

Taa_Za_Kisauni:
Shukran dada, shukran wote. Lililobaki ni moja, mke wangu amepiga pasi kanzu yangu ya Ijumaa ina tone la risasi kifuani limeganda kama kifungo. Hilo latokaje?

BabuVolti:
Foili uliweka?

Taa_Za_Kisauni:
Ile ya kwanza na ya pili niliweka.